Kiu Juu ya Westlands

Watu wakisikia niliwahi kuendesha kreni, ile ndefu ya kujengea maghorofa, huniuliza kama sikuogopa kuwa juu vile. Swali hilo limenichosha. Kuogopa huisha. Unakaa na hofu siku kadhaa, kisha unaizoea kama unavyozoea kelele za jirani. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini haja ikinibana huko juu, na hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Nianze chini, kwa sababu nilianzia chini kabisa. Kazi yangu ya kwanza ya ujenzi ilikuwa kusimama barabarani na kibao, upande mmoja nyekundu, upande mwingine kijani, wakati barabara moja ya ndani huku Kangemi ikiwekwa lami. Nilitukanwa na madereva wa kila namna, na mpaka leo nikisikia honi nyuma yangu mabega hupanda yenyewe. Karibu nami kulikuwa na rola, mtambo wa kushindilia lami, ukienda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima. Aliyeuendesha alikaa chini ya kipaa cha bati, akitafuna njugu. Sitawadanganya kwamba niliupenda ule mtambo. Nilichotamani ni kivuli.

Kwenye mjengo hakuna anayekufundisha mtambo saa za kazi. Mtambo umekodiwa kwa saa, na aliyeukodi anataka kuona jasho. Anayetaka kujifunza hujifunza saa ya chakula, wenzake wakiwa wamekaa na githeri yao. Ndivyo ilivyokuwa kwa waendeshaji wote ninaowajua. Yule wa rola alipenda kulala akishashiba, kwa hiyo aliniachia kiti kwa sharti moja, kwamba nisipite karibu na alipolala. Baada yake nikampata mwingine wa mtambo wa kuchimba mitaro, naye pia aliniachia saa ya chakula. Jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii, basi, lilikuwa kufanya kazi bila kula. Niliona ni bidii, na kila mtu akanisifu kwa bidii hiyo.

Nikaenda nikasoma, nikapata cheti na leseni ya mitambo, nikarudi na karatasi zangu nikidhani milango itafunguka. Ilifunguka nusu. Nilipewa mitambo iliyokuwa inavuja mafuta, na siku ambazo wanaume walikuwa msibani. Nilikubali kila kitu. Hatimaye kampuni moja ya ujenzi, ya mzee mmoja wa Kisikh na wanawe, ikanipa eskaveta ya kwangu mwenyewe, ule mtambo wenye mkono mrefu na ndoo ya meno, nikaanza kuchimba misingi Kilimani.

Kilimani yote ilikuwa inachimbwa. Kila nyumba ya zamani yenye bustani ilikuwa inangoja zamu yake ya kuwa shimo. Ningeondoa udongo mwekundu kwa juma zima, kisha ningegonga mwamba, na kuanzia hapo ni kelele tu. Mama mmoja aliyeishi kwenye fleti za jirani alikuwa akitoka kwenye roshani na gauni lake la kulalia, anatupigia kelele kwamba hawezi kufikiri. Wenzangu walimcheka. Mimi nilikubaliana naye kabisa, maana hata mimi sikuwa naweza kufikiri, na mgongo ulikuwa unaniuma kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Lakini chini ni chini. Soja, yule mlinzi wa ploti ya pili, alinifungulia choo chao bila kuniuliza kitu, na mama wa chai aliniletea kikombe mpaka kwenye mtambo. Nilikunywa chai yangu, nikaenda haja yangu, nikarudi. Sikujua kwamba huo ulikuwa utajiri.

Siku moja yule mzee mwenye kampuni alikuja mwenyewe. Alisimama pembeni mwa shimo, mikono nyuma, akaniangalia nikipakia lori. Mimi hupakia polepole. Naishusha ndoo mpaka karibu na sakafu ya lori kabla ya kumwaga, ili lori lisitikisike na dereva asinitukane, maana matusi ya kibao nilikuwa bado sijayasahau. Nilipozima mtambo aliniita.

"Mama, mkono yako ni mzuri. Huwezi panda kreni? Ile ya Westlands?"

Nilisema naweza kabla hata sijafikiria kreni ni nini. Mtu wa nje hataelewa. Kwenye kazi yetu hakuna kiti cha juu zaidi ya kile, wala simaanishi urefu peke yake. Kuna wanaume waliokalia eskaveta mpaka wakapata wajukuu na hawakuwahi kuulizwa swali hilo. Katika kampuni ile hakuna mwanamke aliyewahi kupanda. Usiku ule nilimwambia mume wangu, ambaye ni fundi viatu pale sokoni Kangemi, kwamba nikishakaa kwenye kile kiti hakuna atakayenitoa mpaka nistaafu. Aliendelea kushona. Akasema, "Sawa, ilimradi usianguke."

Aliyenifundisha kreni alikuwa mtu mpole aliyekuwa anahamia mjengo mwingine. Tulipanda ngazi iliyo ndani ya mnara, tukipumzika kwenye kila sakafu ndogo ya chuma, mpaka tukafika kwenye kibanda cha vioo. Kiti kimoja, fimbo moja kwa kila mkono, kioo mbele, kioo pembeni, kioo hata chini ya miguu. Alinionyesha breki. Alinionyesha kipimo cha upepo, na jinsi ya kuufungua mkono wa kreni uzunguke wenyewe na upepo kila ninapoondoka kwenye kiti, maana mkono ukifungwa, upepo unaweza kuiangusha kreni. Alinifundisha kwamba sitanyanyua kitu mpaka mpiga ishara aniambie kwenye redio, nami nirudie alichosema ndipo nisogeze mkono. Alikuwa mwalimu mzuri. Kisha akaangalia pembeni mwa kiti, palipokuwa na chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo, akacheka kicheko kifupi cha aibu, akaniita mathe, yaani mama, kama wote pale mjengoni walivyoniita.

"Na hapo sasa, mathe, utajipanga."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote niliyopewa kuhusu jambo hilo.

Nilijaribu kujipanga. Nilipanda na ndoo yenye mfuniko. Lakini ovaroli yetu ni nguo moja kutoka shingoni mpaka miguuni, na juu yake kuna mkanda wa usalama unaopita mabegani na mapajani. Ili nifanye haja ndogo ilinibidi nivue kila kitu, ndani ya kibanda kisichotosha mtu kunyoosha viwiko, chenye vioo pande zote. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo la ofisi. Kwenye madirisha yake, usawa wangu kabisa, walisimama vijana wa tai na vikombe vyao vya kahawa, wakiniangalia kama watu wanavyoangalia samaki dukani. Mmoja hata alizoea kunipungia mkono asubuhi. Ndoo ile niliishusha siku hiyo hiyo.

Nikajaribu kushuka. Asubuhi moja ya juma langu la kwanza nilimwambia mpiga ishara wangu kwamba natoka kidogo, nikafungua mkono wa kreni, nikashuka ngazi. Kufika chini choo kimefungwa, funguo iko ofisini kwa karani, karani ametoka. Alipopatikana na nikapanda tena, mafundi wa chuma walikuwa wamekaa juu ya nondo zao, malori yamepanga foleni mpaka barabara kubwa, na msimamizi alikuwa anazunguka na kofia yake mkononi. Hakunifokea. Msimamizi yule hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo nikijua nitakayoyasema mbele. Lakini saa ya chakula nilipita nyuma ya mabati na kusikia sauti ya mtu nisiyemwona ikisema, "Si tulisema?" Wengine wakacheka, wakaendelea kula.

Sikushuka tena kabla ya saa saba. Kilichobaki ni kuacha kunywa.

Kuacha kunywa ni kazi inayojifunzwa kama kazi nyingine. Kwanza niliacha chai ya asubuhi. Mkenya kuacha chai ya asubuhi ni jambo la kuitiwa wazee, na mume wangu alilichukua hivyo hivyo. Aliendelea kunimiminia kikombe kila alfajiri, anakiweka mbele yangu, anakitazama kikipoa, kisha anakinywa mwenyewe. Halafu nikaacha vyakula vya mchuzi. Nilikula mkate mkavu, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Jua likizidi kwenye vioo nilisukutua maji mdomoni na kuyatema kwenye kitambaa. Nikafika mahali ambapo midomo ilipasuka, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na nikajiona hodari. Nilipanda alfajiri na kushuka saa saba, nikapanda tena na kushuka jioni, na hakuna mtu aliyeweza kusema kreni ilisimama kwa ajili yangu. Nikifika nyumbani nakunywa maji mpaka tumbo linauma, kisha usiku kucha ni mimi na mlango wa choo cha ploti.

Na nilikuwa mzuri. Wacha niseme, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema. Niliweka nondo pale mafundi walipotaka bila kuwafanya waivute. Ndoo ya zege niliishusha juu ya vichwa vya watu ikiwa imetulia tuli. Mpiga ishara wangu, mwanamume wa rika langu aliyetoka Kawangware kila siku kwa miguu, alikuwa macho yangu huko chini, na tulifika mahali ambapo nilijua atakachosema kwa jinsi alivyovuta pumzi kwenye redio. Yeye ndiye wa kwanza kugundua. Alinitazama siku moja nikifungua mkanda saa saba, natetemeka, natembea kuelekea chooni kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja.

"Mathe, leo umekunywa maji kweli?"

"Unataka kuwa daktari?"

"Hapana. Nauliza tu." Akanifungulia njia, na hakuuliza tena. Nadhani alijua jibu likitoka atalazimika kufanya kitu.

Maumivu yalipoanza ubavuni sikuyatilia maanani. Mitambo yote hula mgongo. Nilinunua dawa za maumivu kwenye duka la dawa pale steji ya matatu, nikazimeza kwa mate. Ndiyo, kwa mate. Baadaye ikaja homa ya kupanda na kushuka, na kuungua kila nikienda haja. Mume wangu ndiye aliyefunga kibanda chake siku hiyo, jambo analolifanya kwa misiba tu, akanipeleka kliniki moja Hurlingham aliyoisikia kwa mteja wake.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliniuliza ninakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikamwambia nakunywa mengi sana, jioni.

"Na mchana?"

"Mchana niko kazini."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba maambukizi yalikuwa yameanza kwenye kibofu na yalikuwa yanapanda kwenye figo, na kwamba figo haina subira kama mgongo. Alisema ninywe maji kutwa nzima na niende haja kila ninapohisi, bila kubana, hata kidogo. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamuuliza, na niliuliza kwa dhati, kama hakuna dawa ya kumfanya mtu asisikie haja mpaka saa saba. Mume wangu aligeuka akatazama ukutani. Daktari aliichukua tena kalamu yake. Aliandika tu.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili na hayakukaa pamoja. Ama nilinde kiti, ama nilinde figo. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kupewa hesabu kama hiyo na kila mtu aone ni ya kawaida. Kesho yake nilimfuata msimamizi kabla ya kupanda. Nikamwomba kitu kimoja: kreni isimame kidogo saa nne asubuhi, nishuke, nirudi.

"Mathe, unajua kreni ikisimama mjengo wote umesimama."

"Najua. Mimi ndiye naisimamisha."

"Basi hapo ni kujipanga. Mimi nikisimamisha saa nne, kesho welder anataka yake, keshokutwa watu wa plumbing. Tutajenga saa ngapi?" Alisema hivyo akiangalia viatu vyake. Ana mabinti, aliwahi kunionyesha picha zao. "Wewe ni mtu wa nguvu. Vumilia slab hizi mbili, sakafu mbili tu, halafu tutaona."

Nikaenda kwa mzee mwenyewe, kwenye kontena lililokuwa ofisi yake. Alikuwa anakula chapati na mboga kutoka kwenye sufuria ndogo za kupangana, akaninyooshea kiti, akanikaribisha chakula. Mtu mwenye adabu. Nilipomweleza alisafisha vidole kimoja kimoja kwa leso.

"Lakini mama, wanaume nakaa juu mpaka lunch. Hakuna mtu amewahi kuniambia hii kitu."

"Wako na chupa, mzee."

Uso wake ulibadilika rangi, na wangu pia. Tukabaki pale, watu wazima wawili wenye watoto, tukitazama ramani za jengo ukutani kana kwamba kuna mtu ameficha choo humo ndani. Akasema atazungumza na msimamizi. Kama alizungumza sikuwahi kusikia.

Juma lililofuata tulikuwa na siku ya kumwaga zege la sakafu nzima. Siku ya zege haina mchezo. Likishaanza kumwagwa haliwezi kuachwa nusu, kwa sababu lile la kwanza hukauka na lile linalofuata halishikani nalo. Ilikuwa Julai, baridi ya ule mwezi, mawingu yamekaa chini kiasi kwamba vilima vya Ngong sikuviona kabisa. Nilikuwa nimemeza dawa za daktari na nimekunywa maji kama alivyosema, nusu chupa, kwa woga. Ndoo ya kwanza ikapanda, ya pili, nikaacha kuhesabu. Redio ikawa inaimba ule wimbo wetu: inua, zungusha, shusha, polepole, hapo hapo.

Katikati ya asubuhi kitu kiliniuma ubavuni mpaka nikaona giza la rangi ya zambarau kwenye kioo. Ndoo ilikuwa imejaa, iko hewani juu ya watu. Sitasahau hilo. Mikono yangu ilikuwa kwenye fimbo na sikuwa na hakika nayo. Nilijua vichwa vilivyokuwa chini ya ile ndoo, kila kimoja na kofia yake, na nilijua kwamba nikizimia hakuna kati yao atakayepata nafasi ya kukimbia. Nikaipeleka polepole mpaka ikamaliza kumwagwa. Nikairudisha tupu, nikaiweka chini kwenye ardhi, taratibu. Kisha nikabonyeza redio. Redio ile wote walikuwa wanaisikia, kuanzia mafundi wa juu hadi mzee kwenye kontena lake.

"Kreni inasimama. Ndoo iko chini. Opareta anashuka kwenda choo."

Mtu mmoja alicheka, akakatizwa. Halafu nikaisikia sauti ya mpiga ishara wangu, ile ya kazi, isiyo na utani wowote.

"Nimepata, opareta. Kreni imesimama. Ndoo iko chini. Opareta anashuka kwenda choo. Shuka, njia iko wazi."

Alinirudishia maneno yangu yote kama sheria inavyotaka, kama vile nilikuwa nimemwambia nainua nondo. Nilishuka nikilia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa kuona kwamba mtu ameyapokea.

Chini alikuwa ananingoja na funguo ya choo mkononi. Sijui aliipataje kwa karani. Msimamizi alikuja mbio, mdomo uko wazi, malori nyuma yake yakinguruma, lakini aliponiona uso, mdomo akaufunga. Kule chooni niliona damu. Nilipotoka nilikaa kwenye jiwe, nikamwambia mpiga ishara kwamba siwezi kupanda, na alipoita kwenye redio watafute opareta mwingine nilitamani kumnyang'anya ile redio. Hata wakati huo, homa inanichemsha, nilikuwa nawaza kiti.

Nilikaa hospitali siku nyingi kuliko nilivyodhani. Figo moja ilipata kovu, hivyo ndivyo walivyoniambia, na nitaishi nayo nikiitunza. Mume wangu aliniletea uji kwenye chupa ya chai, na kila nikimaliza kikombe alikichukua akakitazama ndani, kuhakikisha.

Nilipopona nilikwenda Westlands na barua ya daktari inayosema naweza kufanya kazi. Kwenye kiti changu kulikuwa na kijana, nilimwona kutoka getini, koti lake la njano limebanwa kwenye kioo. Mzee alinipokea vizuri mno. Aliniuliza habari za nyumbani, akamwita mtu alete chai.

"Mama, sisi tunakujali. Juu hakuna choo. Wewe ni mgonjwa, rudi eskaveta. Chini ni salama kwa wewe."

Mtu akikufukuza unajua pa kumshika, unaweza kumtukana, unaweza kwenda kwa wakili. Mtu akikwambia anakujali, na chai iko mezani, utafanya nini? Nilimwambia nimepona. Akasema ndiyo, na tunataka ubaki umepona. Nikanywa ile chai yote kwa sababu sasa naogopa kuacha kikombe, nikaenda stoo kurudisha mkanda wangu wa usalama, na huko stoo nikalia mpaka mtunza stoo akatoka nje akaniacha.

Nikarudi kwenye udongo. Nilichimba Hurlingham, nikachimba Kilimani tena. Kila nilipoinua macho niliona mikono ya kreni juu ya mapaa, na kila mara niliitafuta yangu, nikijiambia siitafuti. Wanawake wawili vijana walioanza kazi kwenye kampuni waliniuliza kama inawezekana kupanda. Niliwaambia inawezekana. Sikuwa na uhakika kama nawaambia ukweli.

Mwaka uliofuata jengo lilikaribia kufika juu, na eskaveta yangu ikapelekwa Westlands kuchimba mtaro wa maji machafu kuzunguka ukuta. Kreni ilikuwa bado ipo. Nilijiambia nichimbe tu. Asubuhi ikasogea, na mara nikasikia king'ora kifupi, kisha kelele zote zikakatika. Mashine za kukata chuma zilinyamaza, malori yakazimwa. Nikadhani kuna mtu ameumia. Nikazima mtambo, nikatoka, nikatazama juu. Mkono wa kreni ulikuwa umefunguliwa, unazunguka wenyewe na upepo, na yule kijana alikuwa anashuka ngazi, hana haraka.

Mpiga ishara alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta na kikombe chake. Nilimuuliza nani ameumia.

"Hakuna. Ni saa nne, mathe. Break."

"Break ya nini?"

"Ya kreni. Opareta anashuka, sisi wote tunapumzika. Mzee alipitisha ile wiki ulikuwa hospitali. Alisema hataki mtu mwingine augue kwa mjengo yake." Akaweka kikombe chini. "Nilidhani walikwambia."

"Na zege?"

"Inangoja. Tunapanga lori zikuje baada ya break. Hakuna shida yoyote."

Hakuna shida yoyote. Nilisimama na maneno hayo. Nilipaswa kufurahi na nilijaribu. Kilichokuja ni hasira iliyonitoka kwenye nyayo. Wiki ile ile niliyolala na mpira wa dawa mkononi, wakati bado nilikuwa mtu wa kreni, walikuwa wameshaitengeneza ile njia niliyoiomba kwa kunong'ona, na hakuna hata kitu kilichoanguka. Halafu wakaniambia juu hakuna choo. Mpiga ishara alisoma uso wangu, akasogea, akanipa nafasi ukutani, na sikuwa na nguvu ya kukataa kukaa.

Yule kijana alitoka chooni akijipangusa mikono. Mlango wa choo haukuwa na kufuli. Akachukua chai kwa mama aliyekuwa anauza karibu na geti, akaja kukaa karibu nasi, akanisalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa mtu wa umri wangu. Ana mikono mizuri, nilikuwa nimeona. Nikamuuliza anaionaje kazi ya juu.

"Iko poa, mathe. Saa hii ndio inasaidia. Huwa tunaiita break ya mathe."

"Mathe gani?"

Akatazama kando kando, akamwonyesha kwa kidevu yule mama wa getini, aliyekuwa ameinama juu ya birika lake akimmiminia mtu.

"Si huyo wa chai."

Mpiga ishara alifungua mdomo kumsahihisha. Nilimshika mkono. Kijana alimaliza kikombe, akafunga kofia kidevuni, king'ora kikalia, akapanda kwenda kukaa kwenye kiti changu.